Namba Ishirini Hataki Ofisi

Jumatatu, 3 Juni. Bishkek.

Habari mbaya kabla ya chai. Sagynbek Osmonovich, profesa wetu, ametangaza kuwa taasisi imepata nafasi ya ajira ya kudumu. Moja tu! Na tuko wawili, mimi na Begimai. Begimai bado binti mdogo, hajui hata kusema uongo, yaani hajakomaa kitaaluma. Mimi ni mtu mzima, na mkataba wangu unakwisha Agosti. Nikiikosa nafasi hii nakwenda kuziba matairi kwa baba mkwe. Mzee ameshanishonea koti la kazi, na jina langu limetariziwa kifuani: Nurgazy. Mke wangu Zamira anasema rangi yake itanipendeza. Chai ilinipalia.

Nafasi atapewa mwenye matokeo yatakayong'aa. Tunatafiti watu wanaofanya kazi na kompyuta bila kwenda ofisini. Swali la utafiti: mtu asiye na ofisi, kutwa huenda wapi? Kila mmoja wetu ana washiriki ishirini, na kila mshiriki huvaa bangili inayotuma nyendo zake kwenye ramani yetu. Washiriki wa Begimai huzunguka mji mzima. Wangu huenda dukani, hurudi, hulala. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Juni.

Namba Ishirini kajitoa! Kijana mfasiri, nimembembeleza tangu majira ya baridi. Leo ananipigia simu yuko Moscow, anabeba mizigo ghalani. Eti, "Kaka, samahani, bangili nimemwachia dada." Nikamwambia sayansi haiachwi hivi hivi. Akasema mkuu wake anamwita, akakata simu.

Profesa akijua nina pengo, nimekwisha. Begimai wake wote wapo, tena wanamletea jamu za nyumbani. Kwa nini watu wanampenda yule msichana? Lazima nipate mtu, upesi.

Jumapili, 9 Juni. Malishoni.

Nimepanda huku juu kwa mjomba Kubanych, ambaye kila kiangazi huhamia milimani na kondoo wake. Nikamwomba avae bangili, niliyoifuata kwa yule dada. Akauliza kwani ameiba nini. Nikasema ni sayansi. Akasema sayansi nivae mwenyewe. Nikamweleza habari za koti la matairi, nikaweka na uchungu kidogo sautini. Akanimiminia kumisi, yale maziwa ya farasi yaliyochacha, akaniambia, "Mwanangu, kuziba matairi ni kazi ya halali." Mjomba gani huyu!

Kumisi ndiyo iliyonifungua akili. Nje ya hema alikuwa amesimama kondoo dume, mkubwa, mweusi, pembe moja imevunjika, ananitazama kwa dharau kama mkuu wa idara. Anatembea. Anapanda. Anashuka. Hana ofisi! Nikamfunga bangili shingoni kwa kamba, ikazama ndani ya manyoya isionekane tena. Betri yake inadumu kiangazi kizima.

Huu si udanganyifu. Namshikia mtu nafasi tu.

Jumatano, 19 Juni. Bishkek.

Salaala! Profesa ameita kikao, akaimulika ramani ukuta mzima. Mstari mmoja ulikuwa umekolezwa rangi nyekundu. Nikadhani nimekamatwa. Kumbe anamsifu Namba Ishirini! Huyu mtu, akasema, anatoka kwake alfajiri, anafuata kijito mpaka kilimani, mchana anapumzika kivulini, jioni anarudi nyumbani. Hana foleni, hana bosi, hana haraka. Akasema huyu ndiye mfanyakazi wa kesho, binadamu aliyepatana na dunia. Machozi yalimlengalenga.

Akaniuliza ni nani. Nikajibu mhariri wa vitabu vya watoto, mtu mpole, ana familia kubwa sana. Hilo la familia ni kweli tupu.

Begimai akainua kidole. Akauliza mbona mhariri huyu alishinda jana juu ya jabali lisilo na njia. Nikasema alikuwa anatafuta mtandao. Chumba kizima kikatikisa kichwa kwa huruma. Nani kati yetu hajawahi kupanda jabali kutafuta mtandao? Begimai hakutikisa. Kijicho tu hicho.

Jumatatu, 24 Juni.

Profesa anataka mahojiano na Namba Ishirini. Nimeyaandika mwenyewe, jikoni, huku Zamira anakaanga vitunguu. Nilijitahidi kuwa mwaminifu kwa mshiriki. Nikajiweka mahali pake. Anaionaje ofisi? "Ofisi ni zizi." Anaishije na wenzake? "Tunatoka pamoja, lakini kila mmoja anakula pake." Anaogopa nini maishani? "Wageni."

Profesa akalisoma hilo la mwisho mara mbili, akavua miwani, akasema hapa pana falsafa nzito. "Ofisi ni zizi" ameibandika mlangoni kwake. Leo Begimai kanisalimia mara moja tu. Anaona nafasi inamponyoka, maskini. Nimemwambia Zamira amwarifu baba yake akaligawe lile koti.

Ijumaa, 28 Juni.

Balaa! Bi Hedvig, mfadhili wetu, anakuja kutoka ng'ambo. Kasoma mahojiano. Anataka kumwona Namba Ishirini kwa macho yake. Profesa amepanga safari nzima: tutakwenda malishoni, tutakula, na hapo hapo kwenye chakula atatangaza jina la aliyepata nafasi. Alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi. Mimi!

Lakini mjanja hakosi mlango. Nitawahi kufika, nitamvua kondoo bangili, kisha nitasema kwa masikitiko kwamba mhariri ameitwa msibani, ameacha bangili na salamu. Nani atabishana na msiba? Nimempigia mjomba. Nikamwambia wageni hawa ndio roho yangu, awakirimu kwa kilicho bora kabisa, asinitie aibu. Na bangili asiiguse, nitaivua mwenyewe, ni kifaa cha watu. Akasema nisiwe na wasiwasi, kwa wageni yeye hana mchezo.

Jumamosi, 6 Julai. Malishoni.

Nikumbuke kuandika kila kitu.

Njiani gari likapata pancha. Profesa akauliza nani anajua kuziba tairi. Nikatazama milima. Begimai akakunja mikono ya shati, akaziba. Tukafika jua limeshasogea, na kondoo wote wako mlimani. Sikupata hata nafasi ya kwenda haja, sembuse kumtafuta dume mweusi.

Tukaketi hemani kwa heshima zetu, profesa na Bi Hedvig mbele kabisa, mimi mlangoni karibu na viatu. Nikatoa salamu za msiba kwa sauti ya majonzi. Profesa akafungua ramani kwenye kompyuta yake, uso ukachanua. Akasema, "Msiba wapi, ndugu yangu? Mbona anakuja!"

Kweli kitone cha Namba Ishirini kwenye ramani kilikuwa kinakuja. Kikavuka kijito. Kikapita farasi. Kikazunguka nyuma ya hema letu. Profesa akasimama, akaweka sawa kofia yake. Bi Hedvig akaandaa kamera. Begimai hakuitazama ramani, alinitazama mimi. Nikajitia hamnazo, nikakung'uta makombo ambayo hayakuwepo.

Pazia la mlango likafunuliwa. Akaingia mjomba Kubanych, amemshika yule dume mweusi kwa pembe yake nzima, kumleta mbele ya wageni wamwombee dua kabla hajachinjwa, kama wanavyofanya watu wote wenye adabu katika nchi hii. Akasema kwa fahari: "Wageni wetu, huyu ndiye bora niliye naye. Tubarikieni." Ndipo nilipokumbuka maneno yangu kwenye simu. Mdomo wangu!

Kitone kilikuwa katikati ya hema. Profesa akamtazama kondoo. Akatazama ramani. Akamtazama kondoo tena, akaniuliza polepole sana kama huyu ndiye mhariri.

Kondoo akalia.

Nilikuwa na nafasi moja tu ya kujiokoa. Nikaruka, nikasema maadili ya utafiti hayaruhusu kumla mshiriki! Mjomba akauliza mshiriki wa nini, huyu kamlea mwenyewe tangu mtoto. Bi Hedvig akaomba kutafsiriwa. Na Begimai, ambaye hajui kusema uongo, akatafsiri yote mpaka lile zizi. Kisha akashika mhimili wa hema akacheka mpaka machozi.

Profesa hakucheka. Akafungua viganja, dua ikasomwa, mikono ikapita nyusoni. Hata yangu.

Chakula kilipoiva, kichwa kikawekwa mbele ya profesa, mgeni wa heshima. Akakata sikio. Kwetu sikio hupewa mtoto, ajifunze kusikia la wakubwa. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa mstari mzima, macho yamewatoka. Profesa akalipitisha juu ya vichwa vyao vyote, akanyoosha mkono mpaka mlangoni, akanipa mimi. Mtu mwenye mvi! Nikalila, mbele ya watu, na mtoto mmoja akaanza kulia kwa kunyimwa haki yake.

Kisha akamtangaza Begimai. Wakampigia makofi. Na mimi nilipiga. Iliniuma, sifichi.

Jumapili, 7 Julai.

Wameondoka, nimeachwa. Amri ya profesa: nibaki huku mpaka nipate mshiriki wa kweli, mwenye miguu miwili. Nikimpata na akafuatiliwa vizuri, ataniongezea mkataba wa mwaka. Nikishindwa, matairi. Na ili ajue sijatoroka, bangili imeoshwa nikavishwa mimi. Begimai ndiye atakayekiangalia kitone changu.

Alinifunga mwenyewe, taratibu. Akaniachia mfuko wa boorsok, yale mandazi madogo ya mama yake, akasema, "Kaka Nurgazy, fanya kweli mara moja tu. Utaona ni rahisi." Ananihurumia! Mandazi nimeyamaliza kwa hasira.

Ijumaa, 12 Julai.

Baridi. Kila kitu kinanuka kondoo. Mjomba anasema kwenye hema la ng'ambo ya kijito kuna binti anayechora picha kwa kompyuta na kuziuza hadi Almaty, hana ofisi, anapanda jabali kila siku kutafuta mtandao, na angefurahi kuvaa bangili. Eti niende tu nikamwombe. Lakini kuna tope njiani. Halafu nani anataka data za mtu wa kawaida?

Zamira kapiga simu. Koti halikugawiwa. Limefuliwa, limepigwa pasi, linaningoja.

Nimetafakari sana siku hizi. Mtu mzima hukubali kosa lake, nami nimelikubali bila kumsingizia mtu. Kosa langu lilikuwa kuchagua mnyama anayeliwa.

Mbwa wa mjomba haliwi. Waje wageni wakubwa namna gani, mbwa hachinjwi. Kutwa yuko malishoni, usiku analala mlangoni, hasa kama mtafiti mwenye bidii. Nimemfunga bangili yangu kwa kamba, imemkaa sawasawa. Kesho alfajiri nashuka Bishkek na lori la maziwa, nikapumzike kwangu, huku kitone changu kinachapa kazi mlimani.

Ana tabia moja tu mbaya, kukimbiza malori. Lakini nani asiye na kasoro?