Plaki Zitatangaza Sabuni

(Mheshimiwa Élysée Salumu, Rais-Mratibu wa Komisyoni ya Plaki za Dijitali, Kasongo hadi Kabambare, anasimama. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Anangoja kinyamaze. Hakinyamazi. Anaanza.)

Waheshimiwa mliofika, waheshimiwa mlioandika kwamba mtafika, waheshimiwa wa viti vya plastiki na waheshimiwa wa benchi, mashehe, mapadri na wachungaji, wamama wa soko, mabwana wa maduka, wakulima wa Lusangi mlioacha mihogo yenu juani bila ulinzi wowote wa kiserikali, ndugu zangu wa Salamabila mliokuja na vumbi lote la njia, na ninyi motards wetu, waendesha pikipiki wapendwa, ambao naona mmekuja wengi kuliko mlivyoalikwa na hamjazima mashine zenu: nawasalimu kwa jina la maendeleo, kwa jina la digitalisation, na kwa unyenyekevu unaonisumbua tangu utoto, kwa jina langu. (Makofi ya safu ya kwanza.)

Projeti yenyewe ni nyepesi, hata mtu aliyesoma sana ataielewa. Nyuma ya kila pikipiki kuna plaki ya chuma. Plaki hiyo inasema nini? Namba. Asubuhi namba, mchana namba, haina wazo jipya! Komisyoni yangu ikakaa siku tisa, ikala, ikatafakari, na ikaazimia kwamba mahali pa chuma hicho tuweke kioo kidogo cha umeme, ambacho kitaonyesha namba, kisha sabuni, kisha vitenge, kisha fundi cherehani mwenye tabia njema, kisha namba tena, na mwenye pikipiki atafaidi papo hapo akiwa amekaa tu kwenye kiti chake. (Sauti: «Tunafaidi lini?») Nakuja huko.

Mimi si mtu wa kuficha hasara. Hasara zipo, na nimezifanyia étude, utafiti kamili. Anayesoma tangazo lazima awe nyuma ya pikipiki, na aliye nyuma ya pikipiki katika njia ya Kabambare amefumba macho kwa vumbi. Tumelitatua: huyo ndiye tutakayemtangazia sabuni. (Kicheko.) Tena, mtu akigongwa na aliyemgonga akakimbia, majeruhi atafika kutoa ripoti na badala ya namba atataja bei ya vitenge. Lakini geuzeni jambo hilo mlitazame upande wa pili, waheshimiwa! Mwenye vitenge amekumbukwa na mtu aliye katika hali ngumu kabisa ya maisha yake. Ni tangazo gani lingine duniani linaloweza kujivunia hivyo? (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anaanguka kutoka kwenye benchi; anainuliwa akiwa bado anacheka.)

Ndipo tukaingia katika phase pilote, awamu ya majaribio. Miezi mitatu iliyopita, kwa mkono wangu huu, nilipokea plaki za chuma za motards arobaini ili zipelekwe kugeuzwa, na kila mmoja nikamkabidhi kwa muda kikartoni cheupe chenye maandishi ya bluu: KIOO KINAKUJA. Kwa mujibu wa takwimu, wanufaika waliridhika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Honi arobaini zinapigwa kwa pamoja.) Hao ndio walioridhika, mnawasikia.

Sasa yamezuka maneno mitaani kuhusu bwana Yassine, motard wa njia ya Wamaza, na kwa kuwa yeye mwenyewe yuko pale karibu na nguzo, nitalisimulia jambo hilo kama lilivyo katika rapoti.

Bwana Yassine alitoka Wamaza akimbeba Mama Esther-Divine, mke wa mkulima, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia na uchungu umeanza, akimpeleka hospitalini. Mvua ikawanyeshea njiani. Rangi ya bluu, ambayo niliichagua mwenyewe kwa uzuri wake, ikayeyuka yote. Walipofika kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akakuta nyuma ya pikipiki kikartoni cheupe kisicho na neno.

Askari akauliza: «Plaki iko wapi?»

Bwana Yassine, kwa uaminifu mkubwa kwa projeti, akajibu: «Ni hii, chefu. Iko dijitali.»

«Mbona haiko na kitu?»

«Iko inapumuzika, chefu. Tangazo moja limekwisha, lingine linakuja.»

Na askari yule, waheshimiwa, mtu wa serikali, mwenye nidhamu, akavuta kigoda akakaa nyuma ya pikipiki kungoja tangazo! (Watu wanashikana mabega kwa kicheko.) Akangoja. Akamwita mwenzake naye akaja kungoja. Wapita njia wakasimama. Kwa kipimo chochote cha publicité, cha matangazo, hiyo ni hadhira, tena ambayo hatukuitafuta sisi!

(Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anasimama: «Sema na yangu, chefu. Mi nilikuwa wapi wakati hao wanangoja?»)

Mama Esther-Divine mwenyewe! Mpigieni makofi. Mama alikuwa… rapoti inasema Mama alikuwa kandokando.

(«Kando gani? Nilikuwa chini, mu matope! Nilikuwa nashika mguu wa Yassine nalia. Yeye naye analia. Analia kunipita! Anasema, 'Chefu, mama huyu anakufa, chukua moto hii, pikipiki yangu, chukua na mimi, lakini umuache apite.' Ni Mama Régina, muuza mikate ya kukaanga pale barrière, ndiye aliacha mafuta yake jikoni akakuja. Yule askari akatoa koti lake la mvua, wakanizungushia. Mutoto akazaliwa pale. Kama Régina angekuwa hakuuza siku ile, ningekuwa maiti.»)

(Pikipiki zote zinazimwa.)

Mama. Mimi… Karatasi hii niliyopewa inasema «tukio dogo la usafiri». Sikujua habari ya matope. (Anakunywa maji. Anageuza karatasi.) Hata hivyo, waheshimiwa, naomba mlione jambo hili kwa macho ya takwimu: tuliingia katika phase pilote na wanufaika arobaini, tukatoka na arobaini na mmoja! (Kicheko kinarudi, kikubwa. Mama Esther-Divine mwenyewe anacheka, anampigapiga mtoto mgongoni.) Mtoto anaitwa nani, Mama? («Régina!») Si Élysée? («Régina!») Vizuri. Ni jina zuri pia.

(Yassine, kutoka kwenye nguzo: «Chefu, kwa heshima. Tangu siku ile sijavuka barrière. Nashinda nyumbani kama mugonjwa. Watoto wananiuliza kama nimefukuzwa kazi. Kioo hatukitaki. Tupatie plaki zetu za chuma tuende.»)

Ndugu Yassine, usikate tamaa karibu na ushindi! Tupige kwanza kauli mbiu yetu, tuchangamke. Nikisema «Plaki!» mseme «Ziwake!» Plaki!

(«Zirudi!»)

Ziwake. Tena. Plaki!

(«Zirudi! Zirudi!» Wamama wa soko wanaanza kucheza. Shehe na padri wanapiga makofi kwa mpigo mmoja.)

Digitalisation!

(«Zirudi!»)

Naona mmeielewa kwa namna yenu. Basi nifunge kwa shukrani, kama itifaki inavyodai. Namshukuru mshirika wetu wa ng'ambo, mtengenezaji wa vioo, ambaye barua yetu ya kumuuliza kama yupo itaandikwa mara tutakapopata anwani. Nawashukuru mainjinia wetu, ambao nafasi zao ziko wazi. Nawashukuru wenye sabuni na wenye vitenge, ambao hakuna aliyewaambia lolote. Na kwa namna ya pekee namshukuru bwana Abdoul, mtunza ghala wetu hapa nyuma, ambaye kwa miezi mitatu amezifuta vumbi plaki arobaini za chuma bila kuzipeleka popote, kwa kuwa hapakuwa na pa kuzipeleka…

(Safu zote zinasimama. Viti vinaanguka. Umati unakimbilia ghala.)

Polepole! Bwana Abdoul, wafungulie, watavunja mlango! Mpeni Yassine kwanza. Nimesema Yassine kwanza! Kuna spana pale dirishani, mpokezane. (Nderemo. Plaki za chuma zinafungwa mahali pake. Pikipiki zinawaka moja baada ya nyingine na kuondoka, zikipiga honi.) Asanteni kwa kuja. Asanteni hata ninyi mnaonipa mgongo, maana kutoka hapa nilipo, waheshimiwa, mbele ya viti vitupu, naziona namba zenu zote, na nazisoma vizuri kabisa.