Kurasa Mia Nane za Bia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Naanzisha kiwanda cha bia.

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya maji. Watu wananiambia bomba halitoi maji, mimi nawaambia nimewasikia. Leo mzee mmoja alinijibu kwamba kusikia hata kuku anasikia. Nimerudi nyumbani mwili umechoka, roho imechoka, hata viatu vimechoka.

Mke wangu aliusikiliza mpango huku akikunja nguo. Akauliza kama huu ni kama ule wa uyoga. Nikasema hapana. Akauliza kama ni kama ule wa sabuni. Nikamkumbusha kuwa sabuni ilihujumiwa na mvua. Akakunja mashati mawili, kisha akasema magoti ya mama yake yamekataa ngazi kabisa, hawezi tena kuishi ghorofa ya tatu, na chumba chetu cha uani hakina ngazi hata moja.

Chumba cha uani! Hicho ndicho kiwanda chenyewe!

Tumepatana hivi. Jumapili mama mkwe anakuja kula, na Jumapili hupenda bia yake moja. Nikimpa glasi ya bia niliyotengeneza kwa mikono yangu, akainywa ikaisha, chumba ni changu na yeye tutamtafutia pengine. Ikishindikana, anahamia siku hiyo hiyo. Nilikubali haraka kabla mke wangu hajabadili mawazo. Bia ni maji, na maji nayafahamu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Maktaba. Mkutubi alinikaribisha kwa sauti ya mtu anayemwona mgonjwa wake wa kila mwezi. Kadi moja, vitabu viwili, ndiyo sheria yao. Kuhusu bia wanavyo vitatu: cha kutengeneza bia nyumbani, cha kuonja bia, na cha kuanzisha kiwanda.

Cha kutengeneza kimeazimwa. Nikauliza na nani. Akasema hiyo ni siri ya msomaji, kisha akatazama dirishani, moja kwa moja kwenye duka la kinyozi.

Nilijua tu. Kinyozi ni jirani yangu, na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe. Nikinunua feni, ananunua feni. Nilimweleza habari za bia juzi tu, kwa nia njema, ili aumie kidogo.

Mkutubi alinishauri nisubiri kitabu hicho kirudi, nianze nacho. Nikamjibu kuwa mimi si mtu wa kuanzia jikoni. Nikachukua viwili vilivyobaki. Vizito sana. Mkono umekufa ganzi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kitabu cha kiwanda: kurasa 462. Nimekisoma ofisini chini ya kaunta. Kufikia ukurasa wa thelathini kampuni ilikuwa na jina, na mimi nilikuwa Mkurugenzi Mtendaji. Mama mmoja ambaye nyumba yake inafurika maji alisubiri nimalize sura ya kuuza nje ya nchi. Nikamwambia nimemsikia.

Jioni mke wangu akauliza kama nimeshachemsha maji. Nikamwambia bado tuko kwenye ngazi ya sera.

Kisha kitabu cha kuonja: kurasa 338. Unainamisha glasi, unanusa, unashika kinywaji mdomoni, unafikiri. Kwa kukosa bia nilifanyia mazoezi chai iliyopoa. Niliandika: rangi ya shaba, harufu ya mkate, mwisho mkavu. Mke wangu akasema ile ilikuwa chai yake na hakuwa amemaliza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Upelelezi. Nimekwenda kunyoa nywele ambazo hazikuhitaji kunyolewa.

Kitabu kilikuwa pale, mbele ya kioo, kimewekwa kitana katikati kama alama. Nikamwomba kinyozi aniazime siku mbili tu. Akasema yupo sura ya tatu, akitoka hapo atapotea. Nikamwambia basi nitampa cha kwangu cha kuonja. Akasema yeye ataonja kwa mdomo.

Nikabadili mbinu. Nikajifanya sijali, nikamwomba anisomee kidogo, kupitisha muda tu. Akazima mashine, akavaa miwani, akasoma. Unaloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya moto. Unachuja. Unachemsha na yale maua ya kutia uchungu. Unapoza, unatia hamira. Nilikuwa najisemea kwamba hili ni jambo la mchana mmoja, Jumamosi inatosha kabisa. Ndipo akageuza ukurasa. Unaacha ichachuke wiki mbili. Kisha unatia kwenye chupa. Kisha unaacha wiki mbili nyingine.

Wiki nne! Na kitabu changu chenye kurasa 462 hakikutaja hata siku moja! Kiliniona mtu mzima, kikadhani najua!

Nilisimama nikatoka. Nilifika nyumbani ndipo nikagundua upande mmoja wa kichwa una nywele na mwingine hauna. Kurudi siwezi. Heshima ni kitu kigumu. Nimevaa kofia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimevaa kofia ofisini. Bosi akauliza kama naumwa. Nikasema kidogo.

Ukweli ni kwamba leo nilitaka kulia. Si kwa ajili ya bia. Ni lile dirisha. Nilihesabu: miaka kumi na moja mpaka nistaafu, na kile chumba cha uani ndicho mlango pekee niliokuwa nimeuona. Sijamwambia mke wangu. Angenihurumia, na akinihurumia siwezi kubishana naye.

Mchana nikapata mpango. Nimevuka mitaa minne, nikanunua chupa sita za bia ya dukani. Kwa vipimo vya kitabu cha kuonja, haina kasoro.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu alikwenda sokoni. Nikaloweka chupa kwenye sinki, nikabandua lebo zote, nikabandika za kwangu. Nimezichora mwenyewe: jina la kampuni, shada la shayiri, na maneno "Tangu mwaka huu". Zimependeza mno. Kwa dakika kumi nzima niliamini nimeitengeneza mimi.

Kisha sinki likaziba. Maji yakapanda. Mimi ni mfanyakazi wa ofisi ya maji, na sikujua pa kuanzia. Mke wangu aliporudi akachukua waya, akachokonoa, maji yakashuka. Hakuuliza kitu. Bahati imeanza kuwa upande wangu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mkwe amefika na mkoba, fimbo, na kinyozi. Kinyozi alialikwa na mke wangu. Sababu siijui.

Nilimwamkia mama, nikamkalisha, nikaeleza rangi ya shaba na mwisho mkavu. Nikamimina. Akainywa polepole, hakupumzika mpaka glasi ikabaki na povu. Akasema bia ni nzuri, mwanangu, kama ya dukani kabisa. Ushindi! Nilikuwa nimeshaanza kupanga mapipa yatakaa ukuta upi.

Kinyozi akainua chupa kwenye mwanga. Akaigeuza. Akauliza, kwa upole uliozidi, mashapo yako wapi. Kitabu kinasema bia ya nyumbani lazima iwe na mashapo ya hamira chini ya chupa. Nikasema mimi huwa nachuja mara saba.

Mke wangu akaenda jikoni, akarudi na sahani. Juu yake palikuwa na donge la karatasi lililolowa, lebo sita za kiwanda cha watu, jina bado linasomeka. Akaiweka katikati ya meza, karibu na wali.

"Umesoma kurasa mia nane, mume wangu," akasema. "Maji hujachemsha."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Mama mkwe alinishika mkono, akaniambia nivue kofia nile. Nikavua. Hapo ndipo walipocheka.

Jioni nilimbebea mkoba mpaka chumba cha uani. Kitanda kimeingia pale pale nilipopimia mapipa. Kinyozi alishika upande wa pili wa godoro, kisha akanimalizia kunyoa kichwa pale uani. Ameweka ndoo yake ichachuke, amenialika baada ya wiki nne. Nimesema nitaangalia nafasi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku mbili sijagusa kitabu. Ofisini nimewasikia watu thelathini na wawili.

Nilikuwa nakwenda kuvirudisha vile viwili, mama mkwe akanizuia. Daktari amemwambia akikaa, mguu uwe juu, na mto unabonyea. Akaomba niviache chini ya kisigino chake. Vimekaa vizuri kweli, kiwanda chini, kuonja juu. Akasema vimempa raha kuliko kitu chochote nilichowahi kuleta nyumbani humu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Ila nilipotazama kwa makini, kisigino kilipungukiwa urefu wa vidole viwili hivi. Nikakimbia maktaba kwa kadi ya mke wangu, nikamweleza mkutubi kuwa ni suala la tiba. Nimechagua kwa unene tu, naapa. Kikawa cha kutengeneza jibini. Nimekisoma njiani. Jibini halihitaji chumba, linahitaji kabati tu.

Mama mkwe amejaribu, amesema urefu sasa umetosha kabisa. Nimemwambia tusiharakishe. Huenda tukahitaji kimoja zaidi, kuhusu mbuzi wa maziwa.