Kibao cha Wifi

Leo nimejiumbua mwenyewe, shoga zangu, tena mbele ya majirani niliowaita kwa mdomo wangu.

Mnajua mama mkwe anakuja Jumapili, mara yake ya kwanza kuiona nyumba yetu hapa Chemchem. Sebule ilitaka rangi. Wifi yangu Paulina akapanda treni kutoka Kigwa kuja kunisaidia. Katika ukoo ule, ni yeye tu aliyenitetea wakati wa posa, wenzake wakisema mimi najiona. (Hawakukosea.)

Dukani kwa Mhindi tukashindwa kuelewana. Mimi nilitaka rangi ya ganda la karanga, kama ya sebuleni kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. (Nilichungulia dirishani mara moja tu.) Yeye alitaka ya chai ya maziwa. Tukanunua zote mbili, kidogo kidogo. Jana jioni kila mtu akapaka rangi yake kwenye kibao cha kujaribia, tukaviacha uani vikauke.

Asubuhi nakuta kimoja kimekolea vizuri, kingine kimepauka. Nikajua kilichokolea ni changu, maana hata jana kikiwa kibichi ndicho kilichokolea. Badala ya kumwamsha wifi tuzungumze wawili, nikawaita Mama Yosefu na Bi Zuhura waje washuhudie. Kiherehere changu mnakijua!

Nikawaonyesha kile kizuri, nikasema hiyo ndiyo rangi ya watu waliotembea. Kile kingine nikakiita uji wa mgonjwa, nikaongeza kwamba watu wa shamba hawajui kuchagua. Majirani wakacheka. Kugeuka, wifi yuko mlangoni, ameshika sufuria ya chai aliyonipikia.

Akaiweka chini. Akaja, akakigeuza kile kibao nilichokisifu. Nyuma kina bawaba. Jamani! Changu kilikuwa kifuniko cha sanduku kisicho na bawaba. Chenye bawaba ni chake, kipande cha mlango mkuukuu wa jiko. Kumbe karanga yangu ikikauka inapauka, na chai yake inakolea.

"Paka hiyo ya watu wa shamba, wifi," akasema taratibu. "Mama ataipenda."

Angenicheka ningepona, maana mawifi tumezoea kutaniana. Hakucheka. Alifunga kanga zake akaenda stesheni. Nilimfuata pekupeku, nikamwomba radhi pale kwenye behewa, abiria wote wakinitazama. Alinijibu tu kwamba nisisahau kupaka mara mbili. Nimeumia, shoga zangu, kuliko ninavyoweza kusema.

Nimeongeza ile yake ya chai, nikapaka; ukuta unapendeza mno. Jumapili mama mkwe atauliza nani aliyechagua rangi, na binti yake aliyekuwa akinitetea hatakuwepo. Kama ni lazima mcheke, ngojeni Jumatatu.