Wiki Niliyozama kwa Ajili ya Asmahani

Jumatatu, 8 Septemba 2014. Kasulu

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Asmahani ameamka kabla yangu, amepika chapati. Bado siamini kwamba mtu huyu anaishi nyumbani kwangu.

Leo nimeshika kwa mikono miwili cheti chake cha uokoaji wa wazamiaji. Alikipata kwao, Mafia. Mke wangu anaweza kushuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, akamkuta mtu amezirai, akapanda naye akiwa hai. Mimi nauza vipuri vya baiskeli. Mungu ana siri zake.

Jumamosi ana jaribio Kigoma. Hoteli moja ya ziwani inatafuta mzamiaji wa mwisho wa wiki. Akifaulu, siku mbili ziwani, tano kwangu. Akishindwa, anarudi kwa mwajiri wake wa zamani Mafia, msimu mzima. Miezi sita! Na hajamtoa mtu majini mwaka na nusu sasa. Anasema cheti hakimwokoi mtu, mikono ndiyo inayomwokoa, na mikono inasahau.

Nikamwambia nitakuwa mtu wake wa kuzama. Akauliza kama najua kuogelea. Nikasema kama samaki.

Sijui kuogelea. Lakini nilishamwambia wakati wa posa, na neno la posa halirudishwi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemtengenezea mtungi: dumu la lita ishirini lenye maji, mikanda ya mipira ya ndani ya baiskeli. Akalivaa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafanya kazi. Akapigilia kigingi katikati ya ua, akafunga kamba, akajifunga mtandio machoni, maana maji yakichafuka huoni kitu. Akazunguka duara moja akipapasa ardhi. Akairefusha kamba, duara la pili. Akanipata nimelala nyuma ya banda la kuku. Dakika saba. Nilitaka kulia kwa fahari.

Jirani yetu Bi Epifania alikuwa akichungulia. Akauliza tumepoteza nini. Nikajibu, mume. Akasema huku kwetu Buha mume akipotea hutafutwa kwanza kilabuni, kwenye pombe.

Jumatano, 10 Septemba

Titye, kwenye bwawa la samaki la Mzee Melkiadi. Maji ya kifua. Asma amemwalika Crispin, muuguzi, mpangaji wa nyumba ya pili, kwa kuwa anajua huduma ya kwanza. Sikuulizwa.

Nilizama mimi kwanza, nimesimama kwa ncha za vidole vya miguu. Asma akaniambia kwa upole kwamba aliyezama hasimami.

Kisha Crispin. Akapiga maji, macho yakamtoka, akamrukia Asma shingoni. Nilikaribia kuingia kumtoa kwa kofi. Asma akashuka naye chini kimyakimya. Anasema mwenye hofu hakufuati chini, hukuachia. Crispin akamwachia. Mke wangu akaibukia nyuma yake, akamshika kidevu, akamkokota hadi ukingoni kama anavuta kitenge. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na alifanyiwa Crispin.

Asma akamwambia Crispin hivyo ndivyo mtu anavyozama, shemeji. Mzee Melkiadi akasema perege wake hawatazaa tena mwaka huu.

Njiani nikauliza kama na pumzi za mdomoni Crispin atapewa. Akasema atampulizia kando ya shavu. Hata hilo shavu sijalipenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwambia Crispin mazoezi ya kesho ni Titye, saa nne. Mazoezi ya kesho ni uani kwetu, saa nne. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Kanuni ya Asma: aliyezirai hasikii, haoni, hajibu, mpaka mwokoaji aseme basi. Akanimwagia ndoo ya maji, nikalala. Kisha, kama zoezi linavyotaka, akaita msaada kwa sauti: mtu amezama!

Bi Epifania akaja mbio na kilio. Nyuma yake mtaa mzima. Asma akawaeleza ni mazoezi. Bi Epifania akawaambia wenzake, maskini bibi harusi, akili imeruka. Wakamshika, wakamkalisha mkekani, wakamkatiza kila alipofungua kinywa. Kwa hiyo hakuna aliyesema basi. Kwa hiyo sikuamka. Crispin asingeweza.

Nikafunikwa kanga. Viti vikaanza kufika. Mmoja akauliza mtu anazamaje uani, Kasulu, kiangazi. Akajibiwa ajali haina kwao. Mwingine akasema breki nilizomuuzia hazikamati, lakini nisamehewe.

Ndipo Crispin akafika kutoka Titye kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Akaniwekea vidole shingoni. Akatangaza kwamba marehemu ananuka chapati na moyo wake unadunda vizuri kuliko wa kwake. Akanibana pua. Nikapiga chafya. Wanawake wawili wakaruka ua.

Jioni Asma akaja kukaa karibu nami. Kisha akasema walimzuia asije kwangu, na kwa kitambo kidogo, kwa kuniona sitikisiki, naye aliamini nimekufa. Akalia. Nikamshika mkono. Nikauliza kama Crispin amewahi kuzirai dakika arobaini. Akasema hapana.

Jumamosi, 13 Septemba. Kigoma

Mkaguzi ni Mzee Obedi, mzamiaji mkongwe, maneno machache. Akaita mtu wa kujitupa majini kutoka gatini. Msaidizi wake alikuwa bado akivaa jaketi la kuokolea. Crispin, aliyekuja kutushangilia, akaanza kuvua shati.

Nikaruka.

Ziwa si bwawa la Melkiadi. Halina chini. Nilipiga maji, nikayanywa, nikafumbua macho: kijani kibichi, kimya, mwanga unakatika vipande. Nikawaza miezi sita. Kisha nikauona uso wa Asma. Nilimrukia shingoni kwa nguvu zote. Akashuka nami. Nikamwachia. Kidevu changu kikashikwa, na juu yangu kulikuwa na mbingu yote.

Gatini nilipewa pumzi. Si kando ya shavu.

Amefaulu. Mzee Obedi akasema hajaona mtu anayejua kuzama kama mimi. Akamwonya Asma afanye mazoezi kila mwezi, la sivyo ujuzi utaota kutu.

Ndani ya basi Asma akauliza nani alinifundisha kuogelea. Nikasema mjomba fulani, Ujiji. Akatazama dirishani mpaka Kasulu, mkono wangu ameubana haswa.

Jumapili, 14 Septemba

Asma amechukua mpira wa ndani wa gari, ameujaza upepo, ameuweka mlangoni. Anasema Ijumaa tunakwenda kwa Mzee Melkiadi, nijifunze kuogelea, na Crispin atasaidia kunishika miguu.

Nimekataa katakata. Mikono yake itasahau. Nikijua kuogelea, nani atazama?

Nimeshapanga kila kitu. Ijumaa nitatangulia Titye na kujitupa bwawani bila kumwambia mtu, ili limkute Asma ghafla, kama ajali ya kweli. Crispin nimemwambia ni Jumamosi.