Mkono wa Pampu ya Kisesa

Idara ya Uratibu wa Kero ina furaha kuujulisha umma kwamba mwaka 1997 ilimaliza kero zote za Mwanza na vitongoji vyake ndani ya wiki sita. Anayebisha aje asome daftari langu la mapokezi. Ni jeupe pee.

Siri ya mafanikio yetu ni soko huria. Kituo kipya cha televisheni, cha mtu binafsi, kilianzisha mchezo wa kuigiza kila Jumatano, na ndani yake mlikuwa na kiongozi aliyeitwa Mheshimiwa tu. Aliyemwigiza ni Yakobo Chenge, fundi cherehani wa hapa Nyamagana. Mwananchi akieleza shida yake, Mheshimiwa alimtazama usoni, akanyamaza mpaka amalize, kisha akasema, "Nimekusikia." Basi. Watu walivuka na feri kutoka Sengerema kuja kumwona kiumbe huyo kwa macho yao.

Wakaanza kujaa kwenye kibanda chake na barua. Mkuu wetu wa Idara, Bwana Alexander Mihayo, mtu wa kuona mbali, akatoa waraka: kuanzia sasa kero zote zipelekwe kwenye televisheni. Wenzetu walikuwa wanabinafsisha viwanda, sisi tukabinafsisha matumaini.

Ili mchezo uwe na uhalisia, tuliwaazima vifaa kutoka stoo: meza, kiti cha kuzunguka, na chuma kimoja kirefu nilichokuwa nakitumia kugandamiza majalada upepo wa ziwani unapovuma. Yakobo alikuja kuvichukua mwenyewe.

Wiki ya sita akaja Modesta, mke wake.

"Shikamoo, bwana afisa."

Tulikuwa rika moja, lakini kwa cheo nilimzidi, nikaipokea. "Marahaba."

"Mume wangu hali chakula. Anashinda na zile barua tu. Jana kashona suruali ya mtu ina miguu mitatu. Naomba mmwachie."

"Mama, matumaini ya wananchi yamekasimiwa rasmi kwa televisheni. Kuyarudisha kunahitaji kikao."

"Kikao lini?"

"Hilo nalo linahitaji kikao."

Akalia. Nilimhurumia, kusema kweli, lakini huruma haikuwa na kasma kwenye bajeti ya mwaka ule. Nikampa fomu.

Jumatano ikafika. Kituo kilikuwa kimeishiwa kanda, kwa hiyo mchezo ukarushwa moja kwa moja. Na kwa kuwa waigizaji wanataka kulipwa, nafasi za wananchi walipewa wananchi. Wa kwanza alikuwa Kija, mama mmoja wa Kisesa. Pampu ya kijiji chao ilikuwa imekufa miaka mitatu. Mkono wake ulipelekwa mjini ukatengenezwe, haukurudi, na watoto wao wanakunywa maji ya lambo moja na ng'ombe.

Alipomaliza, Mheshimiwa akafungua mdomo. "Nimeku..." Neno likagoma. Yakobo akaangua kilio, machozi na makamasi, mkoa mzima ukitazama.

"Mama, mimi ni fundi cherehani! Nina magunia mawili ya barua nyumbani. Nikilala naota pampu, naota madaraja, na sina hata spana! Nitawapa nini? Niacheni jamani, mnaniua!"

"Pole, baba," Kija akasema. Kisha akainama juu ya meza. "Ila hicho chuma hapo mbele yako ndio mkono wenyewe wa pampu. Hiyo alama pembeni aliichonga marehemu mume wangu."

Yakobo akakigeuza, akaiona alama. Halafu akakinyanyua kwa mikono miwili. "Chukua, mama."

Kija akakikumbatia, akapiga vigelegele. Yakobo akafuta kamasi kwa tai, akaitazama kamera.

"Kumbe vitu vipo," akasema taratibu. "Wananchi, mimi najiuzulu. Vingine viko stoo ya Idara ya Kero, mlango wa bluu kule nyuma. Niliviona siku niliyokwenda kuchukua kiti."

Kesho yake foleni ilitoka mlango wa bluu mpaka sokoni. Mlango ulikuwa umefungwa, watu wakakaa chini wakingoja ufunguliwe. Bwana Alexander akakosa pa kupita kuingia ofisini kwake. Siku ya tatu nikamshauri alete malalamiko rasmi, na kwa mujibu wa waraka wake mwenyewe, pa kuyapeleka palikuwa mahali pamoja tu: kwenye televisheni.

Jumatano iliyofuata tulikaa kwenye benchi la wananchi, yeye na mimi na jalada. Yakobo alikuwa kibandani kwake, akishona suruali za miguu miwili. Kwenye kiti cha kuzunguka alikuwepo Mheshimiwa mpya, Kija, ambaye pampu yao ilikuwa inatoa maji tangu Jumamosi.

Bwana Alexander alieleza kwamba umma umemzibia njia, kwamba hasikilizwi, kwamba anahangaishwa huku na huku. Kija akamtazama usoni mpaka akamaliza.

"Nimekusikia," akasema. "Funguo za stoo umekuja nazo?"

Bwana Alexander akanigeukia. Kamera nayo ikanigeukia. Zilikuwa mfukoni mwangu.