Siku Jiko Langu Liliponguruma Redioni

Jumamosi, 21 Ramadhani

Leo mnyama wa nyotani kaiba kengele ya tramu. Jana aliiba mbawa za njiwa: njiwa wa Kairo nzima waliruka na hatukusikia kitu. Mchezo gani huu wa redio! Kila siku kabla ya futari, kichochoro kizima kinabanana mbele ya redio ya mkahawa wa Shindi, midomo mikavu, na hakuna anayelalamika njaa. Kwanza unakuja ule mvumo. Mzito, wa chini, unaingia hadi kwenye meno. Kisha sauti moja ya dunia inatoweka, na daktari wa kike kwenye mchezo anabaki na mashine yake akiuliza nani mwizi. Hapo redio hunyamaza kabisa. Shindi kaipiga kofi, akidhani imekufa.

Halafu mabishano: mvumo ule wameutengeneza kwa nini? Bayumi, muuza maharage, akasema ni nyuki ndani ya mtungi. Nyuki! Mtu anashinda kichwa ndani ya chungu, masikio yamejaa mvuke, leo anatufundisha kusikia.

Nikasema ni jiko langu. Jiko la mafuta la kupampu, na mimi fundi majiko nililipeleka redioni mwenyewe. Sikupanga, lilinitoka tu. Watu wote wakageuka. Wakanitazama kwa heshima. Uongo mtamu kuliko sharubati!

Jumapili, 22 Ramadhani

Bayumi wivu haukumlaza. Kaja mbele za watu kusema kwamba wanaotengeneza mchezo hutajwa majina siku ya mwisho, na mchezo unaisha Jumamosi. Basi nisipotajwa, niondoke kwenye kiti cha karibu na redio, akikalie yeye. Kiti changu! Nimekikalia tangu Shindi hajaota ndevu.

Nikasema sawa. Tena nikamcheka.

Nyumbani mke wangu Zinat akaniuliza kama kweli nimepeleka jiko redioni. Nikasema kwa namna fulani. Akasema, "Baba Nagi, wewe ulimi huo ungekuwa kiatu, ungekuwa umeshaisha soli."

Jumanne, 24 Ramadhani

Mpango: kulifanya jambo liwe kweli kabla ya Jumamosi. Nikafunga jiko langu bora kabisa kwenye shuka, nikaenda redioni. Nikamwambia bawabu nimekuja kutengeneza jiko la chai la wakubwa. Akanikazia macho. Chai? Mchana? Ramadhani hii? Lo! Nikajibu haraka kwamba ni ya wagonjwa na wasafiri. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akasema humo ndani wagonjwa ni wengi, mzee wangu, pita.

Ndani nikamkuta Bibi Inshirah. Ndiye mtengeneza milio. Kamwanamke kadogo, miwani mikubwa, anatembea pekupeku ili viatu vyake visiingie kwenye mchezo. Chumba chake utadhani cha mnunua takataka. Mlango usio na nyumba. Viatu visivyo na miguu. Ungo wa mchanga. Nikavua kofia kama niko kwa mufti.

Nikamuuliza kuhusu mvumo. Akatia kidole gumba maji, akakisugua polepole kwenye mfuniko wa shaba. Ukaja! Uleule! Nywele za mikono zikasimama, na mwizi wa sauti alikuwa pale, mbele yangu, mfuniko wa chungu.

Chungu cha nini? Cha maharage.

Bayumi hatajua. Siri hii nitakufa nayo.

Bibi Inshirah akasema hapati mlio wa mwisho. Mnyama anapasuka, sauti zote alizomeza zinatoka. Kajaribu mifuko ya karatasi, kajaribu mbao. Vyote vinalia kama mtu kaangusha trei. Nikamwambia asimame nyuma ya kioo. Nikalipampu jiko. Nikapampu tena. Nikapampu pale ambapo kwa miaka yote nimewakataza wake za watu kupampu.

Bum!

Nyusi ya kushoto sina. Bibi Inshirah analia kwa furaha. Nikaomba jina langu lisomwe. Akaapa litasomwa, muda ukitosha.

Zinat kauliza nyusi iko wapi. Nikasema nimeiacha kazini.

Jumamosi, 28 Ramadhani

Siku ya mwisho. Mkahawa umefurika. Tende mezani, ukwaju umemiminwa, wote tunangoja mzinga wa magharibi, ruhusa ya kufuturu, ambao redio hupiga baada ya mchezo. Bayumi kasimama karibu kabisa na kiti changu, kaja na mto wake wa kukalia. Mshenzi.

Lakini mchezo! Kumbe mnyama hakuwa mwizi. Kwenye nyota yake sauti zote zimekufa, akawa anawakusanyia watoto wake za kwetu. Daktari akamsihi arudishe. Akalia. Bila sauti alilia, lakini tulimsikia, sijui yule mwanamke kafanyaje. Shindi akajifuta uso kwa taulo la kufutia meza.

Kisha mlio wangu.

Bibi Inshirah kausafisha, kaukuza, kaupa mbingu. BUM! Glasi zikatetemeka. Kisha kimya. Sijawahi kusikia mzinga mtamu namna ile. Nikasema bismillahi, nikanywa ukwaju wote. Watu waliponiona nimekunywa, wakanywa. Bayumi akameza tende tatu kwa mpigo.

Ndipo redioni njiwa akalia. Kengele ya tramu ikafuata. Bi harusi, aliyeibiwa kicheko katikati ya wiki, akacheka. Tukatazama juu. Jua bado limeng'ang'ania mapaa.

Hata mimi! Nimepasua jiko kwa mikono yangu, na bado kaniweza. Huyo mwanamke ni hatari.

Mzinga wa kweli ulipopigwa, ukala muda wa kusoma majina. Jina langu halikusomwa. Bayumi akaweka mto wake kwenye kiti changu, mdomo umejaa tende haramu.

Jumapili, 29 Ramadhani

Sheikh kasema wote tuliokunywa tutailipa siku ile. Kichochoro hakinisalimii. Jioni nimesimama nyuma, karibu na choo. Redio naisikia nusu nusu.

Kabla ya mzinga, mtangazaji akakohoa. Akasema redio inawaomba radhi wasikilizaji wote waliofuturu mapema kwa sababu ya mlio wa kupasuka katika mchezo wa jana, uliotengenezwa kwa jiko na fundi Mitwalli Abu Sinna.

Jina langu! Lote! Hadi la babu!

 Nikapita katikati ya watu taratibu, nikasimama mbele ya Bayumi. Akajiondoa mwenyewe na mto wake. Alipokuwa anainuka akasema, "Wametaja msiba, fundi, hawakutaja sifa." Nikamwambia asogee, ananizibia redio.

Jumatatu, Idi

Watu wa mtaa wa pili wamekuja kuniona. Mmoja kafunga safari na mkewe amwoneshe mtu aliyefuturisha mji. Nimewapa biskuti za Zinat zote. Zinat haniongeleshi.

Bibi Inshirah kaniletea salamu. Baada ya Idi wanaanza mchezo mpya, wa tetemeko la ardhi. Bado hajapata mlio wa nyumba inayobomoka.

Ngazi yetu ya nyuma siku hizi inayumba. Nimeigusa kidogo kwa nyundo, kusikiliza tu. Ina sauti nzuri sana.