Chumba cha Wageni na Soko Linalorudi Nyuma

Jumapili, 6 Oktoba
Siku ya soko. Nimerudi na kopo la rangi nyekundu ya mafuta. Mke wangu Khuyên ametoa hukumu: chumba cha wageni, nilichokitengeneza kwa kuhamisha mahindi yake, kina miezi minne na hakijalaliwa hata na paka. Mgeni asipopatikana kabla ya soko lijalo, mahindi yanarudi.
Nimekubali kwa heshima ya mwalimu mstaafu wa jiografia. Wiki nzima! Kinachowapungukia wageni wanaokuja huku kwetu milimani Hà Giang ni maarifa tu. Nitawapa.

Jumatatu, 7 Oktoba
Ubao umesimama kwenye kituo cha basi. Mashauri kumi na manne. La kwanza: beba sweta, ukungu wetu hauna huruma. La tano: ukimiminiwa pombe ya mahindi mara ya tatu, funika kikombe kwa kiganja; mwenyeji wako hatakoma kwa hiari yake. La tisa: usimfuate mtu yeyote anayekukimbilia kituoni akisifia nyumba yake. La kumi na nne: soko ni Jumapili, usilikose.
Jirani yetu Bibi Nhình, anayepokea wageni pasipo elimu yoyote, alipita na bata wawili kwapani. Akasoma ubao wote. Akauliza, "Mwalimu, na mtihani ni lini?" Nimempuuza.

Jumanne, 8 Oktoba
Basi limeshusha watu watatu. Nikawakimbilia. Nikasifia nyumba. Wakasoma ubao. Wakanitazama. Wakasoma tena shauri la tisa. Mmoja akaniambia, "Asante babu, tumeshaonywa."
Wamelala kwa Nhình, ambaye hakumkimbilia mtu. Alikuwa amekaa kitako anachoma bata!

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeongeza kwenye shauri la tisa: "isipokuwa mwalimu mwenye kofia ngumu ya kijani." Usahihi ni jambo muhimu.
Mzee Páo, dereva wa pikipiki, ana kofia ngumu ya kijani. Kila mzee wa wilaya hii anayo. Páo amepata wageni wawili, akawapeleka kwa Nhình, akalipwa paja la bata. Amenipungia hilo paja.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ushindi! Kijana wa Hanoi, jina lake Thạch, ameona picha ya ubao wangu kwenye simu. Atakuja na mchumba wake Jumapili, kwa ajili ya soko, na watalala kwangu.
Khuyên akauliza, "Jumapili, mzee? Una hakika?" Nikamkumbusha kwamba nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Nikamweleza pia, maana kueleza hakudhuru, jinsi soko letu linavyorudi nyuma siku moja kila wiki: Jumapili, kisha Jumamosi, kisha Ijumaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kucheka jikoni peke yake. Sijui kicheko cha nini.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimeamshwa na nguruwe. Njia nzima nguruwe, kuku, wanawake na vikapu. Nikatoka nje kuuliza kuna msiba wa nani. Nhình akajibu bila kusimama, "Soko, Mwalimu. Lile ulilotufundisha."
Saa nne asubuhi mahindi yalikuwa yanarudi chumbani. Khuyên hakunisimanga. Alinipa gunia nibebe.

Jumapili, 13 Oktoba
Wageni wamefika. Uwanja wa soko mtupu, mbwa mmoja amelala katikati. Nikawaeleza kanuni ya soko kwa dakika arobaini. Thạch akasema, "Maelezo mazuri, babu, ila tuna njaa." Mchumba wake akafungua mlango wa chumba. Mahindi yakammwagikia hadi magotini.
Wako kwa Nhình. Nawasikia wakicheka, shauri la tano hawakulizingatia. Khuyên naye alikwenda huko kula. Amerudi na bawa la bata kwa ajili yangu, na huruma kidogo: nikipata mgeni kabla ya soko lijalo, atayatoa mahindi yeye mwenyewe.
Nimekwenda mbio kituoni na kopo langu. Nimefuta "Jumapili". Nimeandika kwa herufi kubwa, rangi isiyotoka kwa mvua wala jua: SOKO NI JUMAMOSI. Safari hii hakuna kubahatisha; nimeliona soko kwa macho yangu.
Nina siku sita. Zinatosha kabisa.